Kikapu Kilichopitia Jikoni

Pamela alitia kikapuni pakiti mbili za unga, sukari na mche mzima wa sabuni, akarudi kwenye benchi akiwa ameinua kichwa. Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, siku ya kikapu, na tangu utotoni aliipenda siku hiyo kuliko Krismasi. Kikapu chenyewe kilikuwa cha miyaa, kipana, kimewekwa mbele ya madhabahu ili kila mwenye chochote akitie kwa ajili ya wasio na kitu. Kwa miaka mingi mwenye kukisimamia alikuwa baba yake, Mzee Mwaringa, aliyekuwa ameketi kando yake katika benchi la mbele, shati jeupe limepigwa pasi hadi kwenye ncha za kola, macho yasiyoona tena ameyaelekeza kwenye sauti ya mchungaji.

Nyuma yao mtu alisonya. Ulikuwa msonyo mrefu, wa makusudi, wa mtu anayetaka usikike. Pamela alidhani anayesonywa ni mtoto mtukutu. Mchungaji alipokuja kukiombea kikapu alisema kwamba wapo watu hodari sana wa kutoa mbele ya macho ya watu, na waumini wakaitikia amina kwa nguvu isiyo ya kawaida. Pamela naye, maskini, akaitikia amina.

Alikuwa amefika Sabaki, karibu na Malindi, jana yake bila kuaga mtu, kwa nia ya kumshtukiza baba yake. Alifanya kazi Nakuru, meneja wa duka la jumla la dawa, na kwa miaka miwili hakuwa amekanyaga nyumbani. Sababu alikuwa nazo, tena nyingi, na zote alizieleza kwenye simu kwa sauti ya haraka. Krismasi moja alikwenda ukweni, nyingine duka lilikuwa likihesabu mali. Lakini pesa hakuacha kutuma. Kila mwisho wa mwezi alimtumia Abigael, binti wa binamu yake wa Mariakani, aliyekaa na mzee kumlea. Zilikuwa za chakula, za mshahara wa Abigael mwenyewe, na za matone ya macho, maana mzee alikuwa na presha ya macho na daktari alikuwa ameonya kwamba matone yale yasikatike. Zilipitia simu ya Abigael kwa kuwa mzee hakuweza kusoma ya kwake.

Na jana alipofika alijipongeza moyoni. Alimkuta baba yake msafi, kucha zimekatwa, amenenepa kidogo hata, anacheka. "Unga wako hauishi, mwanangu," alimwambia. "Na yale maharagwe mekundu, sijui unayapata wapi." Kilichomshtua ni macho. Mzee alimtambua kwa kumpapasa uso kwa vidole. Pamela alijifungia na Abigael jikoni akamuuliza imekuwaje, akajibiwa kwamba ni uzee tu, Shangazi, hata daktari amesema hivyo. Akaumia, akafuta machozi, akaamini.

Baada ya ibada watu walimsalimu mzee kwa mikono miwili na Pamela kwa ncha za vidole. Mama Karisa, kiongozi wa akina mama, ndiye aliyemshika mkono akamvuta nyuma ya kanisa, kwenye tangi la maji.

"Shikamoo, Mama Karisa."

"Marahaba." Jibu lilitoka kavu. "Pamela, mimi wewe nimekubeba mgongoni. Heri nikwambie mimi kuliko ukaambiwa na mwingine. Ule unga uliotia kikapuni kwa maringo utarudi kwenu alasiri ya leo."

"Utarudi kwetu kufanya nini?"

"Kufanya nini! Kuliwa na baba yako. Mwaka mzima sasa anakula cha kikapuni. Sisi ndio tunaomlisha, wajane na wauza mboga, wakati mwanawe anakaa Nakuru na gari."

Pamela alihisi uso ukimwaka moto hadi masikioni. Msonyo ule ulikuwa wake. Amina zile zilikuwa zake. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Alipopata tena pumzi hasira ilikuja juu, akatoa simu kwenye mkoba, akaanza kumwonyesha Mama Karisa jumbe za pesa alizotuma, mwezi baada ya mwezi, jina la Abigael likijirudia. Mama Karisa alisoma akisogeza simu mbali na macho, akasoma tena, kisha akajiketisha juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Mungu wangu," alisema. "Na alilia mbele yangu, Pamela. Kwa machozi."

Akaeleza. Abigael alikuja kwake asubuhi moja akasema Shangazi amewatupa, hatumi tena kitu, unga umekwisha kabisa. Lakini babu asijue, akasihi, babu akijua mwanawe amemtupa atakufa kwa huzuni. Akina mama wakaona ni kweli. Wakasema, tumsitiri mzee. Tangu hapo kila mwezi walikuja na kikapu, nusu yao wakabaki barazani na mzee wakimwimbia na kumwombea, na nusu wakazunguka nyuma wakamkabidhi Abigael vitu mlangoni mwa jikoni.

"Tulikuwa tukiimba kwa nguvu," Mama Karisa alisema, akikwepa kumtazama, "asisikie mifuko ikichakarika."

Huo ndio wema uliomfaa mwizi. Watu wa pale wana adabu, na mwenye adabu hampigii simu mtoto wa mwenzake kumwambia unamtesa baba yako kwa njaa. Wangeanzaje? Walichofanya ni kumsema Pamela wao kwa wao, kisimani, sokoni, kwenye mazoezi ya kwaya, wakamsema mpaka akaisha, na hakuna hata mmoja aliyemwambia yeye mwenyewe.

"Mbona hamkumpa baba mkononi? Mbona hamkumwambia?"

"Baba yako?" Mama Karisa alicheka kicheko kisicho na furaha. "Umemsahau baba yako alivyokuwa?"

Hakuwa amemsahau. Mzee Mwaringa alipokuwa mwenyekiti wa kikapu alikuwa na kanuni moja, na kanuni hiyo ilikuwa chuma: mwenye mtoto aliye na kazi hapewi. Aende akale kwa mtoto wake. Kikapu ni cha asiye na mtu. Kuna mwaka Mzee Dena, jirani wa ng'ambo ya pili ya barabara, aliletewa unga, na Mzee Mwaringa akasimama kanisani akauliza mbele ya wote kama mtoto wa Dena si dereva wa malori Mombasa. Dena alijibu kwa sauti ndogo kwamba ni dereva, ila hatumi kitu. "Hayo ni ya nyumbani kwako," Mwaringa alimwambia, na unga ukarudishwa. Dena hakuonekana kanisani karibu mwaka mzima. Pamela alikuwa msichana wakati huo, na alijivunia baba yake asiyependelea mtu.

Sasa alisimama kando ya tangi akawaza baba yake akiusikia ukweli wote: kwamba mwanawe ana kazi, tena nzuri, na pesa zilikuja, na yeye alikuwa akila cha wajane. Angekuwa amefanya alichomkataza Dena, na pengine zaidi ya alichofanya Dena.

"Niachie leo tu," alimsihi Mama Karisa. "Nitamwondoa Abigael kesho asubuhi, kimya kimya. Mchungaji utamweleza baadaye. Lakini baba asijue. Kamwe."

Mama Karisa hakupenda, ila aliitikia kwa kichwa. Hata yeye hakuwa na pa kuuweka uso wake.

Nyumbani Abigael alikuwa jikoni, ameketi juu ya mbuzi, anakuna nazi. Alipomwona Pamela akiingia na kurudisha mlango alijua. Mkono uliendelea kukuna mara mbili tatu kwa mazoea, kisha ukasimama.

"Pesa zimekwenda wapi?" Pamela aliuliza kwa mnong'ono, maana baba yake alikuwa barazani na masikio yake yalikuwa mazima.

Abigael hakukana. Labda hilo ndilo lililomuudhi Pamela zaidi. "Nyumba, Shangazi. Kwa mama, Mariakani. Vyumba viwili. Mvua ilikuwa ikimnyeshea kitandani. Nilisema mwezi mmoja tu, halafu nitarudisha."

"Na matone?"

Hapo Abigael aliinama, akakusanya nazi iliyokunwa ambayo haikuhitaji kukusanywa. "Hakuwa analalamika," alisema mwishowe. "Nilimwambia babu kwamba daktari amesema yanatosha. Akanyamaza. Sikujua kama macho yangekwenda yote."

"Daktari alikuambia yasikatike! Mbele yangu alikuambia!"

"Ndiyo. Lakini hajalala njaa hata siku moja, Shangazi. Muulize. Mimi ndiye ninayemwogesha. Mimi ndiye ninayemshika mkono akitaka kwenda msalani. Miaka miwili. Wewe ulikuwa wapi?"

Pamela aliinua mkono ili ampige kofi, na mkono ukabaki juu. Hakuzuiwa na huruma. Alizuiwa na rafu moja ya duka lake, ya tatu kutoka mlangoni, ambako matone yale yale yalipangwa katika visanduku vyao vya buluu. Kila siku ya kazi alipita mbele yake. Angeweza kufunga visanduku viwili kwa gazeti akavituma kwa basi, vikafika Malindi kesho yake. Kutuma pesa kulikuwa kwepesi zaidi, alibofya akiwa ameketi, akaendelea na chai. Aliona aibu mbele ya mwizi, na aibu ya namna hiyo ina uchungu wake wa peke yake.

"Kesho na gari la kwanza," alisema. "Utamuaga babu vizuri, umwambie mama yako anaumwa. Hutamwambia lolote jingine."

"Sawa, Shangazi," alisema Abigael, na kwa mara ya kwanza alionekana msichana mdogo.

Mambo yangeishia hapo kama Pamela alivyopanga. Lakini Mzee Masha naye alikuwa na mipango yake. Masha ndiye aliyerithi uenyekiti wa kikapu, mtu mnyoofu aliyefunzwa kazi na Mwaringa mwenyewe, na asubuhi ile alimtazama Pamela akitembea mbele ya kanisa kwa viatu vyake vya bei akaona imetosha. Ukweli wa pesa hakuujua. Alichojua ni kwamba binti aliyemtupa baba yake amekuja kujionyesha. Kwa hiyo alasiri, akina mama walipofika na kikapu, yeye alikuwa mbele yao, na Mama Karisa nyuma akimvuta shati bila mafanikio.

"Leo hatuimbi," Masha alisema walipokwisha kuketi barazani. "Mzee Mwaringa, wewe ndiwe uliyenifunza kazi hii, na hukunifunza kufichaficha. Tumekusitiri mwaka mzima. Leo mwanao yupo, na aseme yeye."

Mzee Mwaringa aligeuza kichwa kuelekea sauti. "Mmenisitiri na nini?"

Kikapu kilikuwa kimetuliwa sakafuni, na mmoja wa wale akina mama akajaribu kukisukuma nyuma ya gauni lake, kana kwamba mzee angekiona. Miyaa ikakwaruza saruji. Mzee aliijua sauti hiyo kuliko sauti ya mtu yeyote pale.

"Kikapu kimekuja hapa kufanya nini?" aliuliza. "Nani hapa hana mtu?"

"Wewe, mzee mwenzangu," alisema Masha, na hapo sauti yake mwenyewe ikalegea. "Unga unaokula ni wa kikapu. Tangu mwaka jana. Na maharagwe, na sabuni."

"Mimi?"

Alisema neno hilo moja polepole. Mikono yake ilikuwa imeshika mkongojo, na Pamela aliona vidole vikikunjuka na kukunjika. Kisha mzee akasema, "Pamela."

"Abee, Baba."

"Wewe una kazi?"

Hakukuwa na nafasi ya kufikiri, na bado alifikiri. Akisema anayo, baba yake amekula cha wajane naye ana mtoto meneja. Akisema hana, baba yake ni mtu ambaye kikapu kilishonwa kwa ajili yake. Aibu lazima imwangukie mtu barazani pale, na Pamela aliona heri aibebe yeye, mradi mzee abaki na jina lake.

"Sina, Baba," alisema. "Duka lilipunguza watu mwaka jana. Nilifutwa."

Mama Karisa alimkodolea macho. Pamela akamtazama kwa macho ya kumsihi, na mama yule akafumba mdomo wake.

"Ndiyo sababu hata matone yalikatika?"

"Ndiyo, Baba. Nilishindwa."

Mzee alivuta pumzi ndefu, na kweli uso wake ulitulia. "Masha, umesikia? Mwanangu hana kazi. Basi kikapu hakikukosea nyumba." Halafu akanyoosha mkono hewani mpaka Pamela akaushika. "Lakini ungeniambia, mwanangu. Minazi ile yote nilikuwa nayo ya nini? Ningeuza, nikanunua dawa, nikaona. Hungekuwa na haja ya kuona haya mbele yangu."

Pamela aliuma mdomo hadi akaonja damu. Aliuchukua mzigo huo pia. Alikuwa tayari kuubeba mpaka kaburini, na akaona sasa basi, limekwisha.

Lakini Mzee Mwaringa hakuwa mtu wa kuacha hesabu nusu. "Abigael," aliita. Msichana alikuwa mlangoni. "Kama Pamela hana kazi, nani amekuwa akikulipa?"

Abigael alinyamaza. Pamela naye akanyamaza, na kwa ule ukimya wao mzee akajijibu mwenyewe.

"Hakuna," alisema. "Mwaka mzima unaniogesha bure. Unanilisha, unanishika mkono, hulipwi, hata siku moja hukuninunia. Jamani! Hata watoto wa kuzaa hawafanyi hivi." Akasimama, akiegemea mkongojo, akavua kofia yake. Akina mama nao wakasimama, maana walijua mzee akivua kofia anasema neno zito. "Masha, wewe ni shahidi. Na wewe Mama Karisa. Kile kishamba cha kando ya mto, nilichokuwa nimemwekea Pamela, kuanzia leo ni cha Abigael. Nimesema nikiwa na akili zangu. Pamela, mwanangu, hutaninung'unikia. Huyu ameniokoa mimi na wewe."

Pale Sabaki neno kama hilo, likisemwa na mzee mbele ya watu wazima wenzake, linashika. Asiyelijua hilo ni mgeni. Masha alikuwa amekwisha kuinua mkono kusema wameshuhudia, na machozi yalikuwa yakimlengalenga, mtu mwenyewe mgumu. Wote walimtazama Abigael. Abigael alimtazama Pamela, akamtazama muda mrefu, akaona kwamba uongo ule umemfunga Pamela mdomo. Kisha akatazama chini.

"Asante, Babu," akasema.

"Hapana!" Sauti ilimtoka Pamela hata yeye akaishangaa. "Hapana, Baba. Nina kazi. Sikufutwa. Ninayo kazi, na pesa nilituma kila mwezi, zako na zake na za matone, na zote amezila huyu. Amejenga nyumba Mariakani. Muulize. Mama Karisa anajua, nimemwonyesha leo."

"Ni kweli, Mzee," Mama Karisa alisema kwa sauti ya chini. "Nimeona kwa macho yangu."

Abigael hakutetea kitu. Alichuchumaa pale pale kizingitini akajifunika uso kwa leso. Masha alibaki na mkono wake nusu juu, hajui aushushe vipi.

Mzee Mwaringa alirudi kuketi. Alipapasa kiti kwanza, kwa tahadhari, kama mtu aliye katika nyumba asiyoizoea. Aliirudisha kofia kichwani. Pamela alipiga magoti mbele yake akaanza kusema kwamba alidanganya kwa ajili yake, ili asiaibike, lakini mzee aliinua kiganja kumkatiza.

"Kwa hiyo una kazi," mzee alisema.

"Ninayo, Baba."

"Na mimi nimekula cha kikapu nikiwa na mtoto mwenye kazi."

Aligeuza uso kuelekea kwa akina mama.

"Na ninyi mlijua ninakula. Mkaniimbia."

"Tulikuwa tunakusitiri," alisema mmoja wa wale akina mama, akilia waziwazi.

"Nimesikia. Mwaka mzima nilijiuliza watu hawa wamepata wapi Roho wa kuimba namna ile." Haikuwa mzaha, au kama ilikuwa mzaha hakuna aliyethubutu kucheka. "Kila mtu ndani ya nyumba hii alikuwa na siri ya kunisaidia. Yule anayeniibia na yule anayenipenda, wote mlikuja kwa mlango mmoja. Nimepofuka macho, Masha. Kichwa bado kipo. Mtu angekuja akaniambia, Mwaringa, unakula cha watu. Ningefedheheka, ndiyo. Ningefedheheka siku moja, na wiki ile ile matone yangenunuliwa."

Masha alishusha mkono na kichwa pamoja.

Mzee aliagiza mambo kwa utulivu, kama alivyokuwa akiendesha kamati zamani. Kikapu kirudi, kipelekwe kunakostahili. Kila kilicholiwa, Pamela na yeye watakilipa kwa mazao ya minazi, na Jumapili ijayo atasimama mwenyewe kanisani aseme alichokula, asisemewe na mtu. Kishamba hakiendi popote. Abigael aende kwa mama yake, na Masha ampeleke, awaeleze wazazi wa msichana kilichofanyika, kila kitu kwa jina lake, bila kupaka sukari. Abigael aliposikia hivyo alilia kwa sauti, na mzee alipomsikia akilia midomo yake ilicheza, maana mikono ya msichana yule ndiyo mikono aliyoizoea. Lakini hakulirudisha neno lake.

Akina mama walianza kukusanya vitu vyao, wakitembea kwa ncha za miguu bila sababu. Pamela alikuwa bado amepiga magoti. Ndani ya fedheha yote ile kulikuwa na kitu kidogo kilichoanza kumtua. Sasa walau inajulikana kwamba alituma. Jina lake limesafika. Alilishika wazo hilo, na kwa kulishika tu akajiona mdogo.

"Ngojeni," mzee alisema, na wote wakasimama. "Nina swali moja kwa mwanangu, na ninyi mlisikie, kwa kuwa leo ni siku ya kusikia."

"Niulize, Baba."

"Ulipopiga simu ulikuwa unanisalimu. Unaniuliza nimekula nini, unaniambia baridi ya huko, unaaga. Kisha unasema, mpe Abigael simu. Mimi nakaa hapa hapa, kwenye kiti hiki. Ulichomuuliza sikisikii, lakini anachojibu nakisikia. 'Anaona vizuri, Shangazi.' Mwezi ule sikuweza tena kusoma saa, akasema anaona vizuri. Mwezi ule nilimwaga chai nikidhani kikombe kiko pale, akasema anaona vizuri."

"Baba, kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu nilidhani ninyi wawili mna mpango wenu. Watu wazima wakisemwa mbele yao huwa wananyamaza, wasije wakaonekana wasumbufu. Nikanyamaza. Lakini kila mwezi nilingoja." Akageuza uso wake mpaka ukaelekea sawasawa pale Pamela alipokuwa. "Macho ni yangu, Pamela. Kwa nini hukuniuliza mimi?"

Pamela alifungua mdomo. Akina mama walikuwa wakingoja na mifuko yao mikononi, Mzee Masha alikuwa akingoja, hata Abigael alikuwa ameshusha leso kutoka usoni. Alitafuta jibu lolote la kumpa baba yake, hata la uongo, na mara hii hata uongo hakuwa nao.